Huawei MA5608T kisiwani Lamu: OLT ya kadi kwa mtoa intaneti mdogo

OLT (kifaa cha mtoa huduma kinachopeleka intaneti kwa wateja kupitia faiba) nyingi wanazouziwa watoa intaneti wadogo wa pwani ni sanduku moja lililofungwa: milango minne au minane ya PON (mtandao ambamo faiba moja hugawanywa kwa wateja wengi), pawa ndani, feni ndani, bodi moja. Pawa ikiungua, sanduku zima linashushwa jetini, linavuka hadi Mokowe, linapanda basi la Malindi au Mombasa, na wateja wa mtaa wa Langoni wanakaa bila intaneti mpaka lirudi. Huawei MA5608T imeundwa kwa namna nyingine. Ni kasha la sloti: kila kazi ina kadi yake, na kadi iliyokufa huchomolewa ikatiwa nyingine huku kasha likibaki kwenye raki. Kwa mji unaofikiwa kwa boti, huo ndio ubora wake mkubwa. Lakini ubora huo humfaa aliyenunua kadi zinazostahili na kuweka akiba kabatini. Asiye na akiba amenunua sanduku ghali lenye milango mingi ya kufungulia.

Kilichomo ndani ya kasha

Kimo chake ni 2U, yaani nafasi mbili za raki, na linaingia kwenye raki ya kawaida ya inchi 19. Sloti ni tano. Sloti 0 na 1 ni za kadi za huduma, zile zenye milango ya PON. Sloti 2 na 3 ni za kadi za udhibiti. Sloti 4 ni ya kadi ya umeme. Feni zimo kwenye trei moja inayochomoka nzima.

Kadi ya huduma ya kununua ni GPFD yenye milango 16. GPBD ina 8, na bei yake ya mitumba huvutia, lakini inakula sloti nzima vilevile, na sloti ziko mbili tu. Ukijaza GPFD mbili unapata milango 32. Kwa mgawanyo wa 1:64, yaani mlango mmoja kwa wateja 64, hiyo ni nafasi ya wateja 2,048, zaidi ya mahitaji ya mtoa huduma yeyote mdogo wa Amu (mji wa Lamu) na Shela kwa pamoja. Kwa hiyo anza na GPFD moja, na sloti ya pili uifunike kwa kifuniko chake.

Kwenye kadi ya udhibiti usibane fedha. MCUD ina milango ya kwenda juu (aplinki, inayounganisha OLT na intaneti) ya 1G tu. MCUD1 ina ya 10G. Mlango mmoja wa GPON, aina ya PON ya kadi hizi, hushusha 2.488 Gbps na kupandisha 1.244 Gbps. Wateja 64 waliouziwa Mbps 20 kila mmoja wanafikia Mbps 1,280 wakitumia kwa pamoja. Hawatumii wote kwa pamoja, ni kweli, lakini jioni ya Ramadhani baada ya tarawehe wanakaribia. Hapo utaona kwamba kinachoziba si PON, ni aplinki ya 1G. Anayenunua MCUD kwa sababu ni rahisi huishia kuunganisha milango kadhaa ya 1G kuwa mmoja, na mwisho hununua MCUD1 vilevile.

Kadi mbili za udhibiti hufanya kazi kwa zamu: moja iko kazini, nyingine inasubiri huku ikinakili mipangilio. Iliyo kazini ikianguka, nyingine inashika. Ni jambo zuri, na wauzaji hulisema sana. Wasilolisema ni kwamba kadi ya umeme ni moja tu na trei ya feni ni moja tu, na hakuna sloti ya kuongeza nyingine. Mtu anaweza kulipia kadi mbili za udhibiti, mji ukazimika kwa sababu ya kadi ya umeme iliyokosa mwenzake kabatini. Kama fedha zinatosha kitu kimoja cha akiba, kiwe kadi ya umeme. Cha pili kiwe trei ya feni. Cha tatu, moduli (vifaa vidogo vya mwanga vinavyochomekwa mlangoni) mbili za PON na moja ya aplinki. Kadi ya pili ya udhibiti ifuate hapo, na ukiipata iweke ndani ya kasha ikifanya kazi, usiiache kwenye sanduku ikila unyevu. GPFD ya akiba ndiyo ya mwisho, kwa sababu kadi hiyo haifi mara nyingi. Zinazokufa ni moduli zilizochomekwa humo.

Hesabu ya mwanga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Moduli za GPON zinazoingia kwenye GPFD huuzwa kwa madaraja. B+ hutoa mwanga wa kati ya +1.5 na +5 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; upotevu wake hupimwa kwa dB) na husoma mwanga wa mteja hadi -28 dBm. C+ hutoa +3 hadi +7 na husoma hadi -32. Yapo madaraja ya juu zaidi, lakini kwa umbali wa Lamu ni kuchoma fedha.

Chukua njia ya kutoka mjini Amu hadi Shela, kilomita 3 hivi. Mwanga wa mteja unaopanda ni wa nanomita 1310, na ndio unaopotea zaidi, kama 0.35 dB kwa kilomita. Jumla dB 1. Splita (kigawanyaji cha mwanga) ya 1:8 mjini na nyingine ya 1:8 mtaani, kila moja hula karibu dB 10.5, jumla 21. Koneta sita za dB 0.3 ni 1.8. Maungio manane ya dB 0.1 ni 0.8. Umefika dB 24.6 na ushei. Ongeza 3 za uzee, yaani maungio yatakayoongezeka faiba ikikatika, na koneta zitakazochafuka. Jumla 27.6.

B+ ina bajeti ya dB 28, yaani upotevu wa juu inaouvumilia. Umebaki na nusu dB, yaani huna kitu. Faiba ikikatika mara mbili, wateja wa mwisho wa Shela wanaanza kudondoka usiku na kurudi asubuhi. C+ kwenye makaratasi ina bajeti ya 32, lakini usidanganyike na namba hiyo: inategemea kifaa cha mteja (ONT) kinachosoma hadi -30, na ONT nyingi za kawaida husoma hadi -27 au -28. Hesabu ya kushuka basi ni +3 hadi -27, yaani 30, na faida halisi ni dB 2 hivi. Bado inatosha kununua C+ kwa njia za Shela na B+ kwa wateja wa Mkomani wanaokaa karibu na raki. Milango ya kadi moja inaweza kuchanganya madaraja bila tatizo.

Kwa fundi aliye juu ya ngazi na kipima mwanga, namba za kutarajia ni hizi. Moduli ikitoa +4, baada ya splita ya kwanza soma karibu -7, baada ya ya pili karibu -18, na ndani kwa mteja kati ya -20 na -21. Kipima kiwekwe kwenye nanomita 1490, ambazo ni za mwanga unaoshuka. Mwanga wa OLT hutoka mfululizo, kwa hiyo kipima cha kawaida kinausoma. Mwanga wa mteja hutoka kwa vipande vifupi vya zamu, na kipima cha kawaida hukupa namba ya uongo. Usihukumu ONT kwa namba hiyo. Uliza OLT yenyewe. Ingia `interface gpon 0/0` kisha `display ont optical-info 0 5`, kwa mfano, kwa mteja namba 5 wa mlango 0. Utaona mwanga anaoupokea mteja, na chini yake mwanga ambao OLT inapokea kutoka kwake.

Namba hizo mbili zisomwe pamoja. Zote zikishuka kwa kiasi sawa, tafuta koneta chafu au ungio baya. Ya kushuka ikianguka sana na ya kupanda ikabaki palepale, faiba imepinda mahali, kwa sababu 1490 huvuja kwenye kona kuliko 1310. Kuta za matumbawe zina kona kali, na waya wa mteja ukivutwa kwa nguvu kuzunguka kona hiyo ndiyo dalili utakayoipata. Waya wa kuingilia nyumbani uwe wa G.657A2, unaovumilia kupindwa hadi nusu kipenyo cha milimita 7.5. Wa G.652D wa kawaida unataka 30, na kwenye vichochoro vya Amu hakuna atakayekupa kona ya milimita 30.

Mambo mawili zaidi kuhusu moduli. Mlango wake ni wa koneta ya SC ya bluu, yaani UPC, wakati masanduku ya nje karibu yote ni ya kijani, APC. Pachikodi (kipande kifupi cha faiba chenye koneta pande zote mbili) ya kutoka OLT lazima iwe bluu upande mmoja na kijani upande wa pili. Ya kijani huingia kwenye mlango wa bluu bila kugoma, inakaa vizuri tu, lakini uso wake umekatwa kwa mshazari, kwa hiyo mwanga unapotea na mwingine unarudi nyuma, na uso wa ndani wa moduli unakwaruzika. Moduli iliyokwaruzwa hivyo hairudi hali yake.

La pili: usiijaribu C+ kwa kuiunganisha na ONT mezani kwa pachikodi tupu. C+ inataka upotevu wa angalau dB 17 katikati, maana mpokeaji wake huzidiwa na mwanga wa juu ya -12 dBm, na ONT huzidiwa juu ya -8. Weka splita ya 1:64, au kipunguza mwanga cha dB 20. Ukijaribu bila hivyo, ONT itaonekana mbovu na si mbovu, au utaiharibu kweli.

Umeme

Kadi ya umeme iko ya aina mbili. MPWD huchukua umeme wa kawaida wa nyumbani. MPWC huchukua volti 48 za DC, na ina viingilio viwili. Chagua MPWC, na mbele yake uweke rektifaya (kifaa cha kugeuza umeme wa gridi kuwa DC) na betri zako mwenyewe. Umeme wa gridi ukiyumba, rektifaya na betri ndizo zinazopata pigo kwanza, nazo hununuliwa Mombasa bila kuagiza ng'ambo.

Betri nne za volti 12 zikipangwa mfululizo hutoa 48. Chukua mfano wa mzigo wa wati 150 (wako upime kwa klampu, usiamini karatasi): huo ni kama ampea 3. Betri nne za 100Ah zina saa za wati 4,800. Ukitumia nusu tu ili zisife mapema, unapata saa 16. Chaji ya kudumu ya betri za asidi iwe karibu volti 54 kwa zote nne, na kikatio cha kuzilinda kisishuke chini ya 44.

Upande wa chanya na hasi ndio unaowaunguza mafundi wa sola. Kwenye umeme wa simu, chanya ndiyo inayofungwa ardhini, na hasi ndiyo waya wa moto. Desturi hii ni ya tangu enzi za simu za waya: shaba yenye volti hasi kuliko udongo hailiwi upesi. Mifumo mingi ya sola ya nyumbani hufunga hasi ardhini. Fundi akitoa umeme wa MPWC kwenye benki ya betri ya sola iliyofungwa hivyo, chanya inapitia mwili wa kasha hadi ardhini, hasi nayo iko ardhini tayari, na kinachofuata ni cheche na fyuzi, ikiwa fyuzi ipo. OLT iwe na benki yake peke yake. Kabla ya kuunga, pima volti kati ya kila ncha ya betri na waya wa ardhi. Ukikuta hasi na ardhi zinasoma sifuri, simama.

Ardhi yenyewe nayo. Lengo la mafundi wa mawasiliano ni chini ya ohmu 10. Fimbo moja kwenye mchanga mkavu wa Shela haifiki huko. Piga tatu au nne, kila moja iwe mbali na mwenziwe angalau kwa urefu wa fimbo, uzifunge pamoja. Karibu na bahari mchanga wenye chumvi hupitisha umeme vizuri, lakini fimbo ya chuma kitupu huliwa huko haraka. Nunua iliyopakwa shaba. Waya wa chuma unaobeba faiba ya juu nao ufungwe ardhini. Faiba haipitishi umeme, chuma kinapitisha, na radi za masika hazina habari kwamba ulinunua faiba.

Chumvi, chokaa na mijusi

Kasha hili lilibuniwa kwa chumba chenye hewa safi, na Lamu hakuna chumba hicho isipokuwa ukitengeneze. Chagua chumba cha ndani cha ghorofa ya kati, kisichotazama bahari. Nyumba za kale za Mkomani zina kuta nene zinazotuliza joto la mchana, na hilo ni faida. Hasara yake ni unga mweupe wa chokaa unaomomonyoka ukutani na dari. Feni zinauvuta, unachanganyika na unyevu wa chumvi, unaganda kwenye chujio kama tope. Kusi ikishika, chujio lichunguzwe kila wiki. Liondoe, lioshe kwa maji baridi, likauke kabisa, ndipo lirudi. Likirudi bichi umeingiza maji ndani mwenyewe.

Sloti tupu isiachwe wazi hata siku moja. Hewa hupita njia rahisi: ikipata tundu la sloti 1 haipiti tena juu ya GPFD iliyo sloti 0, na kadi inapata joto huku feni zikizunguka kwa kasi. Tundu hilohilo ndilo mlango wa mijusi. Mjusi mmoja akikaukia kwenye pini za nyuma anaweza kufunga njia mbili za umeme. Milango ya PON isiyotumika nayo ibaki na vizibo vyake vya plastiki, na moduli za akiba zikae kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu.

Koneta zisafishwe kwa kalamu ya kusafishia kabla ya kila kuchomeka. Shati haifai, na mate ndiyo kabisa.

Kuwasha na kubadilisha kadi

Mara ya kwanza ingia kwa waya wa konsoli, kasi 9600. Mlango wa usimamizi wa kasha jipya kwa kawaida huja na anwani 10.11.104.2. Jina la `root` na nenosiri la kiwandani vinajulikana na kila mtu, kwa hiyo nenosiri libadilishwe kabla ya waya wa aplinki kuguswa. Tia kadi, subiri iwake, andika `display board 0`. Kadi mpya itaonekana kwa hali ya Auto_find. Andika `board confirm 0`, subiri dakika kadhaa, iangalie tena mpaka isome Normal. Wateja wapya utawaona kwa `display ont autofind all`, ukishawasha kutafuta kwenye mlango kwa `port 0 ont-auto-find enable`. Maliza kwa `save`. Kasha likizimika kabla ya `save`, kazi ya mchana mzima imekwenda na maji.

Sasa jambo linalolipa gharama ya kasha zima. Mipangilio ya wateja haikai kwenye kadi ya huduma. Inakaa kwenye kadi ya udhibiti. GPFD ikifa, chomoa waya zake ukiwa umeziandika namba, vaa mkanda wa mkononi wa kutoa umeme tuli, fungua vishikio vya pande zote mbili kwa pamoja, toa, tia nyingine ya aina ileile kwenye sloti ileile, na wateja wote wanarudi wenyewe bila kuandikishwa upya. Kasha halizimwi. Lakini sharti ni aina ileile. GPBD haiwezi kurithi nafasi ya GPFD. Itabidi ufute kadi ya zamani kwa `board delete`, na mipangilio ya wateja wote wa kadi hiyo inapotea pamoja nayo. Hata kati ya GPFD na GPFD, tazama herufi na tarakimu za mbele ya jina, H802, H805 na kadhalika. Kadi mpya zaidi ya programu ya kasha lako haitatambuliwa. Akiba yako ilingane na iliyo kazini hadi tarakimu ya mwisho, na nakala ya mipangilio itunzwe nje ya kasha baada ya kila siku ya kazi.

Kadi ya pili ya udhibiti ihakikishwe kwa `display data sync state` kwamba imemaliza kunakili. Kisha, usiku wa manane uliotangaziwa wateja, andika `system switch-over` uone kama kweli inashika. Kadi ya akiba ambayo haijawahi kupewa zamu haihesabiwi.

Kuna tatizo moja ambalo hakuna kadi itakayolitibu: ONT moja yenye leza iliyokwama ikiwaka. Mwanga wake unaziba zamu za wengine wote, na wateja 64 wa mlango mmoja wanadondoka pamoja, kadi ikionekana ndiyo mbovu. Kabla ya kulaumu kadi, hamisha faiba ya mlango huo kwenye mlango mwingine. Tatizo likihama na faiba, nenda kwenye splita ya kwanza, chomoa tawi moja moja mpaka wengine warudi, kisha ufanye vilevile kwenye splita ya pili. Kwa splita za 1:8 mbili, ni kuchomoa mara 16 kwa wingi, na mwishoni utakuwa mlangoni kwa mteja mwenyewe.

Unaponunua

MA5608T nyingi zinazouzwa Nairobi na Mombasa ni mitumba iliyosafishwa. Hilo si kosa, mradi ujue cha kutazama. Mulika tochi ndani ya sloti: pini iliyopinda nyuma haina tiba ya maana. Ncha za dhahabu za kadi ziwe safi, zisiwe na madoa ya kijani. Washa, sikiliza trei ya feni. Mlio wa kukwaruza ni beringi zinazokwisha. Omba uone `display version` na `display board 0` kwa macho yako, kadi zote zikisoma Normal. Kisha pima kila moduli kwa kipima chako. Moduli iliyoandikwa C+ ikatoa chini ya +3 si C+, hata kibandiko kiwe kipya namna gani. Ikitoa kati ya +3 na +5 hujapata jibu bado, maana B+ nzuri nayo hufika hapo; itazame inavyosoma mwanga wa mteja wa mbali kabla ya kulipa zote. Uliza pia kama kifaa kina kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa sababu mkaguzi akija atakuuliza wewe, hatamuuliza muuzaji.

Mwenye wateja 100 wa mtaa mmoja, asiyetarajia kuvuka hapo, anunue sanduku la milango minne, na alinunue mawili: moja kazini, moja kabatini. Itamgharimu kidogo kuliko kasha hili na kadi zake. Kuanzia wateja 300 hivi, wakiwa wametawanyika Amu na Shela, MA5608T inaanza kujilipa. Anayeanza leo na fedha za kutosha aulize kwanza bei ya MA5800-X2, ambayo ni ya kizazi kilichofuata na yenye sloti mbili za huduma vilevile. Kadi za MA5608T haziingii humo, na za humo haziingii huku, kwa hiyo akiba ya kabati moja haitasaidia raki mbili.